Mvumo Uliokataa Kuondoka: Uchambuzi wa Kisa cha Kuihamishia Pawa Saplai ya Priampu ya Valvu Kwenye Boksi Lake

Priampu inayochambuliwa hapa, yaani kikuzaji kidogo kinachotangulia amplifaya, ni ya kupigia santuri, chaneli mbili, imejengwa nyumbani ndani ya boksi la alumini la sentimita 30 kwa 20. Ina valvu tatu (taa za kioo za kukuzia ishara, kila moja ikiwa na nusu mbili ndani): ECC83 mbili, moja kwa kila chaneli, na ECC82 moja iliyogawanywa, nusu kulia na nusu kushoto. Nusu ya kwanza ya ECC83 inakuza, saketi ya RIAA (inayorudisha besi iliyopunguzwa na kushusha trebo iliyoongezwa santuri ilipokatwa) inafuata, nusu ya pili inakuza tena, na anodi (mguu wa kutokea) ya hiyo nusu ya pili imeungwa moja kwa moja kwenye gridi (mguu wa kuingilia) ya ECC82 inayofanya kazi ya kathodi folowa, yaani ishara inatokea kwenye kathodi bila kukuzwa volti. Transfoma iko ndani ya boksi hilohilo, sentimita 12 kutoka ECC83 ya kulia.

Muziki unatoka safi. Ila wimbo ukiisha na sindano ikabaki kwenye mfereji mtupu, spika ya kulia inavuma, na ya kushoto inavuma kidogo. Kapasita za pawa zimeongezwa mara mbili, nyaya za filamenti (waya wa kuipasha valvu moto) zimesokotwa upya, na mvumo uko palepale. Kuongeza kapasita ndiyo dawa ya kwanza anayoifikiria kila fundi, na hapa haikusaidia kitu, kwa sababu mvumo haukuwa ukipita njia hiyo.

Kwa nini priampu ya santuri haina msamaha

Katriji (kichwa chenye sindano) ya aina ya MM, yaani ya sumaku inayotikisika, hutoa takriban mV 5. Priampu hii inakuza mara 100 kwenye 1 kHz, kwa hiyo inatoa mV 500. Lakini RIAA inaipandisha besi: kwenye 50 Hz inaongeza karibu dB 17 juu ya 1 kHz, yaani mara 7. Kwa hiyo kwa umeme wa 50 Hz priampu hii si ya mara 100, ni ya mara 700. Mikrovolti 10 tu zikiingia kwenye gridi ya kwanza, mV 7 zinatokea mwisho, dB 37 tu chini ya muziki. Sikio huisamehe mikwaruzo ya santuri kuukuu ya taarabu, maana inakuja na kupita. Mvumo usiokoma hausahauliki.

Kuujua mvumo kabla ya kuutibu

Majaribio matatu yalitosha. La kwanza: plagi za RCA zilizofungwa kwa waya, katikati na ganda pamoja, zilichomekwa kwenye viingilio badala ya mashine ya santuri. Mvumo haukubadilika, hivyo hautoki kwenye mashine wala kebo yake.

La pili: filamenti ziliondolewa kwenye transfoma zikapewa betri ya pikipiki ya volti 12. Betri ya risasi na asidi iliyojaa husimama karibu na V 12.7, ambayo ndiyo hasa ECC83 na ECC82 zinazotaka filamenti zao zikiungwa mfululizo. Mvumo ulipungua kidogo tu.

La tatu ndilo lililotoa jibu. Betri ikiwa bado kwenye filamenti, santuri ikiwa inacheza, swichi ya ukutani ya priampu peke yake ilizimwa. Kapasita za HT (volti ya juu ya kulisha anodi) bado zina chaji na valvu bado zina moto, kwa hiyo muziki uliendelea sekunde kadhaa. Mvumo ulikatika papo hapo. Kitu pekee kilichokufa wakati huohuo ni transfoma na mapigo ya rektifaya (daiodi za kugeuza AC kuwa DC). Na kwa kuwa sauti ilikuwa nzito ya 50 Hz, si ile kali ya 100 Hz inayoletwa na rektifaya ya daraja, mshtakiwa amebaki mmoja: uga wa sumaku wa transfoma unaokata gridi ya valvu ya kwanza na nyaya zake.

Boksi la alumini halizuii kitu hapa. Alumini nyembamba huzuia uga wa umeme, lakini uga wa sumaku wa 50 Hz unapita humo kama mwanga kwenye kioo. Kuigeuza transfoma kwa nyuzi 90 hupunguza, hakumalizi. Dawa ya uhakika ni umbali. Uga wa transfoma ndogo hupungua kwa mchemraba wa umbali: ukitoka sentimita 12 ukaenda sentimita 96, umbali umeongezeka mara 8, na uga umepungua mara 8 × 8 × 8, yaani mara 512. Hakuna ngao ya bei ya kawaida inayofikia hapo. Kwa hiyo uamuzi: pawa saplai yote itoke, iingie kwenye boksi la chuma, na iunganishwe kwa kebo ya mita 1.5.

Mahitaji halisi

Kabla ya kununua chochote, mzigo ulihesabiwa. Kila nusu ya ECC83 ina rezista ya anodi ya kΩ 100 na inavuta karibu mA 0.94; nusu nne ni mA 3.8. Kila nusu ya ECC82 ina rezista ya kathodi ya kΩ 33 na kathodi yake imesimama kwenye V 152, hivyo mA 4.6; mbili ni mA 9.2. Jumla mA 13 kwa volti 250. Filamenti: valvu tatu kwa mA 150 kila moja, V 12.6, jumla mA 450. Filamenti zingeweza kuungwa kwa V 6.3, lakini mkondo ungekuwa mA 900, na kwenye kebo ndefu mkondo mdogo ndio rafiki.

Hitaji la tatu halikuandikwa kwenye saketi yoyote: umeme wa ukutani. Kwenye karatasi ni V 230 Tanzania na V 240 Kenya na Uganda. Mwisho wa laini, jioni watu wakipika na kupiga pasi, mita inaweza kusoma 190, na usiku wa manane ikasoma 250 na zaidi. Pawa saplai hii ilipangiwa kufanya kazi kuanzia 190 hadi 255, na kila kipande kilichaguliwa kwa kuangalia ncha zote mbili.

Transfoma

Transfoma ndogo ya V 250 na V 18 kwa pamoja ni adimu madukani, ila fundi wa kusuka mota anaisuka akipewa hesabu. Koa ya EI (kiini cha bati za chuma zenye umbo la E na I) yenye eneo la sentimita za mraba 8 inatosha. Mkondo wa AC kwenye msuko unaolisha daraja na kapasita huwa karibu mara 1.8 ya mkondo wa DC, kwa hiyo HT ni takriban VA 9 (volti mara ampea) na filamenti VA 15, jumla 24. Koa hiyo ingeweza kubeba karibu mara mbili yake, na hiyo nafasi ya ziada imeachwa makusudi, ili koa isikaribie kushiba sumaku umeme ukipanda.

Kanuni ya mafundi ya 45 gawanya kwa eneo inatoa mizunguko 5.63 kwa kila volti. Kwa 50 Hz hiyo ni sawa na tesla 1 ndani ya chuma, kiwango cha utulivu. Wapo wanaotumia 38 badala ya 45 ili kuokoa waya. Kwa chaja ya betri ni sawa, kwa santuri hapana, kwa sababu chuma kikikaribia kushiba uga unamwagika nje. Msuko wa kwanza ulipangwa kwa V 240: mizunguko 1,350 ya waya wa mm 0.25. HT ya V 250, ukiongeza asilimia 5 ya kufidia upotevu, ni mizunguko 1,480 ya waya wa mm 0.18. Filamenti ya V 18 ni mizunguko 106 ya waya wa mm 0.65.

Kati ya msuko wa kwanza na ile mingine kuna ngao: bati jembamba la shaba linalozunguka mara moja, limeungwa kwenye ethi (waya wa usalama unaokwenda ardhini). Hapa msimamie fundi kwa macho yako. Ncha mbili za bati hilo lazima zipishane bila kugusana, katikati kukiwa na karatasi ya insulesheni. Zikigusana, bati limekuwa mzunguko mmoja ulioshotishwa, na transfoma itachemka hata bila mzigo wowote, hadi inuke vanishi. Kipimo chake ni rahisi: iwashe bila mzigo kupitia taa ya kizamani ya wati 40 iliyoungwa mfululizo. Taa ikiwaka sana na isififie, ngao imeshotika.

Upande wa HT

Daraja ni la daiodi nne za UF4007. 1N4007 zingefanya kazi, lakini kila zinapozimika zinaacha mlio mfupi wa masafa ya juu ambao priampu ya mara 700 inauokota. UF4007 ni laini zaidi na tofauti ya bei ni ndogo. Juu ya msuko wa HT kuna kapasita ya nF 10/V 1000 mfululizo na rezista ya kΩ 1 kwa kazi hiyohiyo.

Umeme ukiwa 230, transfoma ikiwa na mzigo inatoa karibu V 245, na kapasita ya kwanza inajaa hadi V 344. Ukiwa 255, hiyo ni V 381. Ndiyo maana kapasita ni za V 450. Za V 400 zinauzwa kwa wingi na zinavutia kwa bei, lakini zinabaki na nafasi ya volti 19 tu. Kapasita ya kwanza ni µF 47, rezista ya Ω 470/W 2 inafuata, kisha µF 47 nyingine. Kwenye kapasita ya kwanza mawimbi yaliyobaki ni karibu V 4.1 kilele kwa kilele. Baada ya rezista yanashuka mara 14 na kuwa V 0.3. Juu ya kila kapasita kuna rezista mbili za kΩ 100/W 1 mfululizo za kuimwaga chaji. Mbili, si moja ya kΩ 200, kwa sababu rezista nyingi ndogo hazikutengenezwa kustahimili V 344 peke yake. Thamani inakuwa sahihi lakini mwili wake unapasuka polepole.

Baada ya hapo inakuja reguleta: mosfeti (aina ya transista) moja IRF840 ikifuata volti ya daiodi zena (za kushikilia volti isibadilike) tano za V 51 (1N4757A) zilizopangwa mfululizo, jumla V 255. Zena zinalishwa kwa rezista ya kΩ 47, zikipata mA 1.7. Zena zina kelele, kwa hiyo hazigusi geti (mguu wa kuiongoza mosfeti) moja kwa moja: kutoka juu ya zena, rezista ya kΩ 100 inakwenda kwenye kapasita ya plastiki ya µF 10/V 400, kutoka hapo kΩ 10/W 1, halafu Ω 220 iliyochomwa risasi kabisa kwenye mguu wa geti. Hiyo Ω 220 ikiwa sentimita 5 mbali na geti ni kama haipo, na mosfeti itageuka redio ya kurusha mawimbi. Kutoka sosi (mguu wa kutokea), Ω 22 kisha nje. Mosfeti inakula kama V 4, hivyo kinachotoka ni V 251.

Ile jozi ya kΩ 100 na µF 10 inafanya kazi mbili. Inachuja kelele, na inaipandisha HT taratibu. Kwenye boksi la priampu kuna µF 47 kwa kila chaneli, kila moja nyuma ya kΩ 1, jumla µF 94. Kwa mwendo huu zinavuta si zaidi ya mA 21 wakati wa kujaa.

Rezista ya Ω 22 ni ya ulinzi. Transista BC547 imewekwa besi kwenye sosi ya mosfeti, emita upande wa pili wa Ω 22, kolekta kwenye makutano ya kΩ 10 na Ω 220. Mkondo ukifika karibu mA 30, BC547 inaamka na kuivuta geti chini. Zena ya V 12 kati ya makutano hayo na njia ya kutokea inailinda geti. Bila mpango huu, bisibisi ikiteleza mara moja kwenye HT, mosfeti imekufa kabla fyuzi haijajua. Mwili wa IRF840 ni dreni (mguu wa kuingilia), yaani una zaidi ya V 330, hivyo mika (kipande chembamba cha insulesheni) na bushi ya plastiki ni lazima, na kabla ya kuwasha pima kwa mita kwamba hakuna mguso wowote na chesisi (mwili wa boksi). Joto ni dogo, W 1.2 hadi 1.7, hitisinki ya ukubwa wa kiberiti inatosha.

Upande wa filamenti

V 18 AC inapita kwenye daraja la A 3, kisha µF 4,700/V 35, kisha LM317, reguleta ya volti. Rezista ni Ω 120 kati ya kutokea na ADJ (mguu wa kurekebishia), na kΩ 1 mfululizo na Ω 82 kutoka ADJ kwenda hasi. Zinatoa V 12.58. Kwenye ADJ kuna µF 10 na daiodi ya 1N4002 ya kuilinda.

Kwa nini V 18 na si V 15 ambayo ingepunguza joto? Hesabu ya jioni ndiyo inayojibu. Kwa V 15, umeme ukishuka hadi 184, bonde la mawimbi (sehemu yake ya chini kabisa) kwenye kapasita linafika V 14.0, LM317 inabakiwa na V 1.4 tu, na haiwezi kushika. Mawimbi ya 100 Hz yanapita moja kwa moja hadi kwenye filamenti. Kwa V 18, umeme ukiwa 190 bado kuna V 5 za akiba. Gharama yake ni joto la W 5.6 umeme ukiwa 255, na hitisinki ya nyuzi 4 kwa wati. Ni gharama ya haki.

Kathodi ya ECC82 iko kwenye V 152. Filamenti ikiachwa kwenye sifuri, tofauti hiyo inakaribia kikomo cha V 180 cha valvu hizo, na uvujaji kati ya kathodi na filamenti unaleta mvumo. Kwa hiyo filamenti yote imenyanyuliwa: ndani ya priampu, kΩ 150/W 1 na kΩ 56 zimegawanya HT, katikati yake ni V 68 yenye µF 10 kwenda sifuri, na hapo ndipo hasi ya filamenti ilipofungwa. Sasa ECC82 inaona V 84 na ECC83 inaona V 67, zote ziko salama. Rezista hizohizo mbili zinamwaga chaji ya kapasita za priampu, jambo ambalo umuhimu wake unaonekana kwenye kebo. Nyongeza moja ya bei ya pipi: 1N4148 kutoka gridi ya ECC82 kwenda kathodi yake, anodi ya daiodi ikiwa kwenye gridi. Valvu zikiwa baridi, gridi inapanda hadi HT nzima huku kathodi ikiwa sifuri, na bila daiodi hiyo cheche inaweza kuruka ndani ya valvu kila unapowasha.

Kebo na plagi

Hapa ndipo kazi nyingi za aina hii zinapoharibika, na pia ndipo zinapoua.

Kebo ni ya PVC, nyuzi tano za 0.75 mm², daraja la 300/500 V. Kwa mkondo wa mA 450 kwenda na kurudi mita 3 inapoteza V 0.03, hivyo LM317 inaweza kubaki kwenye boksi la pawa bila hofu. Plagi za maikrofoni za XLR hazikubaliki kabisa, hata kama ziko droo nzima: siku moja mtu atachomeka V 251 kwenye mikisa. Kilichotumika ni soketi ya okto (ya miguu minane) ya valvu kwenye boksi la pawa, na kitako cha valvu ya okto iliyokufa kama plagi. Kifunike kioo kwa kitambaa kizito kabla ya kukivunja. Mguu 1 ni ethi, 2 filamenti chanya, 3 filamenti hasi, 5 sifuri ya HT, 7 HT chanya. Miguu 4, 6 na 8 ni mitupu, hivyo HT ina nafasi tupu kila upande.

Soketi yenye matundu iko upande wa pawa, ili kebo ikichomolewa pasiwe na miguu iliyo wazi yenye umeme wa moto. Lakini miguu ya plagi inabaki wazi, na nyuma yake kuna µF 94 za priampu zilizojaa. Valvu zikiwa na moto zinazimwaga zenyewe. Zikiwa baridi haziwezi, na anayeshika plagi anapigwa na V 250 kutoka kwenye kifaa ambacho hakijachomekwa popote. Zile kΩ 150 na kΩ 56 zinashusha chaji hiyo chini ya V 50 kwa sekunde 31. Bado, zima, subiri dakika nzima, ndipo uchomoe. Upande wa priampu kebo haina plagi. Inaingia kupitia glandi (kola ya kuibana kebo) na kufungwa moja kwa moja.

Kuwasha mara ya kwanza

Boksi la pawa liliwashwa peke yake, kupitia taa ya wati 40 mfululizo, likiwa na mizigo ya bandia: rezista ya kΩ 18/W 10 kwenye HT na balbu ya taa ya nyuma ya gari, V 12/W 5, kwenye filamenti. Balbu hiyo inavuta mA 420, karibu sawa na valvu tatu. Fyuzi ya transfoma ni mA 250 ya polepole, na ya plagi ya ukutani ni A 3, si ile A 13 inayokuja nayo dukani. Taa ilipoondolewa, HT ilisoma 251, filamenti 12.6. Mita yenye klipu ifungwe kabla ya kuwasha, na mkono mmoja ukae mbali na chuma. V 344 ya DC inaweza kuua.

Priampu ilipounganishwa, mvumo wa zamani haukuwepo. Ilikuja mingine mitatu mipya, na hii inastahili kuelezwa kwa marefu, kwa sababu karibu kila anayetenganisha pawa anakutana na mmoja wao.

Wa kwanza ulikuwa mkali, wa 100 Hz, unaosikika kama nyuki. Waya wa sifuri unaokwenda kwenye kebo ulikuwa umechukuliwa kwenye hasi ya daraja. Kipande kile kifupi kati ya hasi ya daraja na hasi ya kapasita ya kwanza kinabeba mapigo ya kuichaji, mafupi na makubwa kuliko mkondo wa mzigo mara nyingi. Sentimita 4 za waya zina upinzani mdogo sana, lakini priampu ya mara 700 haihitaji volti nyingi. Waya ulihamishwa hadi hasi ya kapasita ya pili, baada ya rezista ya Ω 470. Nyuki akanyamaza.

Wa pili ulikuwa mzito, wa 50 Hz, na ulibadilika kebo ilipohamishwa sakafuni. Sifuri ilikuwa imefungwa kwenye chesisi ya priampu karibu na viingilio, kama inavyotakiwa, na pia kwenye chesisi ya boksi la pawa. Ndani ya kebo kuna waya wa ethi na waya wa sifuri; zikiunganishwa ncha zote mbili, zimekuwa kitanzi cha mita 3 chenye ncha moja kando ya transfoma. Muungano wa upande wa pawa ulikatwa. Sifuri inagusa chesisi mahali pamoja tu, kwenye priampu. Waya wa ethi wenyewe haukuguswa. Kuna wanaokata ethi kwenye plagi ya ukutani na mvumo unaisha, na kuanzia hapo insulesheni ya transfoma ikichakaa, boksi zima, pamoja na mkono wa mashine ya santuri, linangoja mtu wa kuligusa.

Wa tatu ulikuwa mdogo, chaneli zote mbili. Hasi ya filamenti ilitakiwa kusoma V 68 kutoka chesisi; mita ilisoma −12.6. Namba hiyo inasema kila kitu. Kwenye LM317 ya TO-220 mwili wa chuma umeungwa na njia ya kutokea, na mika yake ilikuwa na kijishimo kilichotobolewa na kinyuzi cha alumini baada ya kutoboa tundu. Chanya ya filamenti ilikuwa imeshikwa kwenye chesisi, na hasi ikaning'inia V 12.6 chini yake. Hakuna kilichoungua, kwa sababu upande ule wote unaelea, na ndiyo maana kosa hili huweza kukaa miaka bila kuonekana. Tundu lilisawazishwa kwa biti kubwa iliyozungushwa kwa mkono, mika ikabadilishwa, V 68 zikarudi.

Jioni

Umeme ukiwa 230, na hata 190, spika zilibaki kimya. Kilichosalia ni mchemko mwembamba wa valvu zenyewe. Mvumo wa 100 Hz ulirudi umeme uliposhuka chini ya 180. Hesabu inakubaliana: hapo bonde la mawimbi kabla ya mosfeti linashuka chini ya V 260, zena zinakosa mkondo, na mosfeti inabaki kuwa waya tu.

Njia rahisi ya kuongeza nafasi si kununua stabilaiza, ambayo huleta kelele za rilei zake. Zena moja ya V 51 ilibadilishwa na ya V 33. HT ikawa V 233, na sasa reguleta inashika hadi karibu V 170 za ukutani. ECC83 haijali, anodi zake zilishuka volti chache, kathodi za ECC82 zikafuata, na V 68 za filamenti zikawa 63. Ukuzaji ulibaki uleule kwa sikio na kwa mita. Mahali ambapo umeme ni thabiti, zena zote tano za V 51 zibaki.

Boksi la pawa linakaa sakafuni nyuma ya meza, umbali wa mita moja kutoka priampu na mbali na mashine ya santuri pia, kwa kuwa katriji ya MM ina koili zake zenyewe na inaokota uga wa sumaku kama gridi ya ECC83. Likisogezwa chini ya mkono wa sindano, mvumo wa 50 Hz unarudi, safari hii kupitia katriji.